Bakuli la Usiku

Neno lenyewe Morwenna alilisikia dukani, kwenye foleni ya mkate: eti wale wapagani wa bonde la pili, mwaka uliopita, walimlisha mtoto kitu kwenye sikukuu yao ya mavuno, mtoto akalazwa. Nani kasema, haikujulikana. Mtoto wa nani, haikujulikana pia. Lakini lilimng'ang'ania. Alirudi nalo nyumbani, akapika nalo, akalala nalo.

Angelipuuza kama yeye mwenyewe asingekuwa mpagani. Kwao Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, hilo si tusi, wenyewe wamejiita hivyo. Yeye, mama yake Senara na binti yake Tegen, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, hawakukosa ibada hata moja shambani kwa Loveday, mfuga kondoo aliyewaongoza. Na sasa ilikuwa vuli, inakaribia siku ambayo mchana na usiku hulingana.

Akamwendea Loveday, akamweleza. Loveday alicheka mpaka akatua ndoo chini.

"Morwenna, wewe paka akipiga chafya unaita daktari. Hayo ni maneno ya watu wa kanisani."

"Na kama ni kweli?"

"Basi mshike mwanao. Mezani kwangu kila kitu nakijua kwa jina."

Na kweli alikijua. Hilo ndilo linalouma.

Siku ilipofika walikata ngano ya mwisho. Senara, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, aliinua lile konzi la mwisho juu na kutangaza kwamba anayo shingo ya shamba, ndivyo wanavyoyaita masuke ya mwisho, kama walivyofanya babu zao. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, ila sauti ilikuwa nzima. Kisha wakaizunguka meza: matofaa, mkate, mvinyo wa matofaa, na mabakuli mawili yaliyolingana. Bakuli la mchana lilijaa matunda meusi ya miiba, yale yanayoliwa. Bakuli la usiku lilijaa matunda ya mnavu wa sumu, meusi yanayong'aa. Loveday akawaeleza watu wazima kwamba hili la pili ni la kutazamwa tu, maana giza nalo lina haki yake. Wakati huo watoto walikuwa nyuma wanasuka vidoli vya mabua.

Baadaye ndipo alipowaita, kwa kuwa ni desturi watoto kuwahudumia wazee. Akawaambia leo ni siku ya usawa, wagawe sawasawa, wasipendelee.

Morwenna akamvuta Tegen pembeni. "Usitie kitu mdomoni mpaka nikupe mimi. Umesikia?"

"Hata tofaa?"

"Hata tofaa."

Mtoto alitii. Alasiri yote mama aliutazama ule mdomo mdogo. Mikono hakuitazama.

Senara alikuwa ameketi juu ya mzigo wa mabua, blanketi magotini. Alianza kwa kuomba maji, mdomo umemkauka. Uso ukamwiva, Morwenna akadhani ni mvinyo. Kisha akaanza kuzungumza na Jory, mumewe, aliyezikwa zamani. Alimgombeza kwa kuacha lango wazi, kondoo watatoka. Watu wakaweka vikombe chini. Loveday akapiga magoti, machozi yakimlenga.

"Amefunguliwa mlango," akanong'ona. "Mwacheni. Msimguse."

Wakaimba polepole. Morwenna naye aliimba, maana alikuwa na hamu kubwa ya kusikia jina la baba yake likiitwa vile, kama mtu aliyepo.

Senara akaanza kuchuma vitu hewani visivyokuwepo. Akataka kusimama, akaanguka. Morwenna alipomwinua kichwa aliona mboni zimetanuka, macho yote meusi. Vidole vina rangi ya zambarau. Kwenye blanketi lilibaki tunda moja, limekaa juu ya vijani vyake vyenye umbo la nyota, kama yale ya bakuli la usiku.

"Tegen. Bibi ulimpa nini?"

"Matunda. Ya bakuli hili na ya bakuli lile, sawasawa." Kisha, kwa kujivuna kidogo: "Mimi sikula hata moja, Mama."

Gari la wagonjwa lilichelewa katika zile njia nyembamba za mashambani. Senara hakuiona kesho yake.

Loveday alikuja mara moja, akasimama langoni, akaondoka bila kugonga. Kwenye foleni ya mkate sasa watu hunyamaza Morwenna anapoingia, na anajua wanachonyamazia.

Jioni moja Tegen aliuliza, "Bibi aliyapenda?"

"Aliyapenda," alisema Morwenna. "Bila shaka aliyaona matamu." Akaenda kufungua bomba, maji yapige kelele.

Kwa hiyo, wenzangu mnaotayarisha meza za vuli:

Usiweke penye chakula kitu kisicholiwa, hata kwa heshima.

Usimwambie mtoto "usile" ukaishia hapo. Mwambie na "usimpe mtu".

Usimwache mzee asiyeona vizuri ale peke yake.

Usiseme mzee anaongea na wafu kabla hujamtazama macho na vidole. Ita gari kwanza, nyimbo baadaye.

Usimcheke mwenzio akikuletea hofu yake.

Na Tegen akiwepo, usitaje bakuli.