Radhi ya Ukurasa wa Kumi na Tisa

Jumanne ya tarehe kumi na nne Machi, saa moja na nusu asubuhi, fundi viatu alifariki gazetini. Picha yake ilikaa ukurasa wa tatu, na chini yake: "Mama mpole, mpishi hodari, ameacha mume na binti mmoja." Aliyefariki alikuwa mkewe. Fundi aliwapelekea watu wa gazeti picha aliyopiga na mkewe, akawaambia wakate kipande cha mama. Wakakata cha baba.

Mteja mmoja alikwenda kudai viatu kwa warithi, akamkuta marehemu anapaka gundi. Alitoka mbio, peku.

Fundi hakujali wateja. Alitaka mkewe, ambaye hakuwahi kutoka gazetini maisha yake yote, atoke siku moja, ukurasa uleule.

Baada ya wiki mbili wakasahihisha, ukurasa wa kumi na tisa, chini ya matokeo ya mpira: "Tunasikitika kuwaarifu wasomaji kwamba fundi viatu yu hai."

"Baba, wanasikitika hujafa!" Binti yake alicheka hadi akashika mbavu.

"Ndio wakubwa hao, mwanangu. Kosa tembo, radhi sisimizi."

Wakaenda kulalamika, wakaambiwa waende kamati ya maadili ya gazeti. Wakakuta meza ndefu, viti viwili vinatazamana, na kanuni ukutani ndani ya fremu yenye vumbi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mhariri yuleyule aliyekosea picha.

"Mlalamikiwa yupo?" akauliza. Akainuka, akazunguka meza, akaketi kiti cha pili. "Nipo, mheshimiwa. Ilikuwa bahati mbaya."

Akarudi upande wake, akakohoa. "Kamati imeridhika. Sisi hujisimamia wenyewe, mzee wangu."

"Kesi ya ngedere kapewa nyani," fundi akamnong'oneza binti. "Na leo nyani ndiye ngedere."

Akaisogelea fremu, akasoma kwa kidole, maana shule aliiacha darasa la tatu: "Ko-sa... li-sa-hi-hi-shwe... ukurasa uleule... kwa ukubwa uleule."

"Mzee, usiiguse, msumari umelegea!"

Alikuwa amekwisha kuishusha. Akatoa kwapani picha ya mkewe, akaitundika palepale, akainyoosha. Kisha akakinyooshea kidole kile kiti cha pili, kilichokuwa kitupu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hebu niulizie huyo mhariri: mke wangu atatoka lini?"