Kurudishwa Hadi Jumatano

Jumatatu asubuhi seva ya kituo cha afya ilikutwa imekufa, na Elinipa alikuwa amepiga magoti chini ya meza, ameiwekea kiganja kama mama anayempima mtoto homa. Ilikuwa baridi kabisa. Kituo ni cha watu binafsi, kipo Sofu, Kibaha, na hakuna kinachofanyika pale bila mfumo. Kumwona daktari ni mfumo, kupewa panadoli ni mfumo. Choo tu ndicho watu wanaelekezana wenyewe.

Elinipa ndiye fundi wa mfumo huo. Kila mwanzo wa mwezi seva ilitengenezewa nakala kamili, na baada ya hapo kila jambo lililoandikwa, nani kafika, nani kang'olewa jino, nani kajifungua, liliwekwa pembeni kwenye kumbukumbu ndogondogo. Seva ikifa, unachukua ile nakala, unapitisha kumbukumbu juu yake moja baada ya nyingine, na unaiambia isimame dakika unayoitaka wewe. Ni kazi isiyo na miujiza. Inataka tu kumbukumbu ziwepo.

Hazikuwepo. Zilikomea Jumatano saa nne asubuhi, kwa sababu saa hiyo diski ya kumbukumbu ilijaa. Ilijaa kwa sababu Bwana Laurean, katibu wa kituo, aliagiza video ya uzinduzi wa geti jipya ihifadhiwe humo, yote, pamoja na hotuba ya mgeni rasmi na watu wakitafuta viti. Elinipa alikuwa ameomba diski nyingine tangu kiangazi, akaambiwa suala lake liko kwenye mchakato. Mpaka leo hakuna anayejua mchakato huo unakaa chumba gani.

"Rudisha hadi hapo inapofika," alisema Bwana Laurean, amesimama mlangoni na simu sikioni.

"Tutapoteza yote ya tangu Jumatano."

"Tutaandika upya. Watu si wapo?"

Elinipa akaandika Jumatano, saa nne kamili, akabonyeza. Seva ikawaka.

Kabla ya saa ya chai Mzee Abdulkadiri, aliyeng'olewa gego Alhamisi, alikuwa amefika, ameshika shavu. Gego lilikuwa limerudi mahali pake pamoja na maumivu yake. Aliuliza kama ile sindano nayo ni lazima irudiwe. Nuria, aliyejifungua Ijumaa, alikuja na tumbo lake na begi la nguo za mtoto ambazo zilikuwa zimeshafuliwa. Hakumsalimia mtu. Alipanda kitanda kilekile, akasema safari hii hataki kuambiwa asukume na mtu ambaye hajawahi kusukuma.

Na kwenye benchi la mapokezi, chini ya feni, alikuwa amekaa Bibi Herieth wa Maneromango, Kisarawe, aliyezikwa Jumamosi.

"Shikamoo, bibi," alisema Elinipa.

"Marahaba, mwanangu. Zamu yangu bado?"

Kadi yake ya bima ilikuwa mapajani, imefungwa kwenye leso. Alikuwa ametoka kijijini kuja kukaa kwa binti yake Evaline, huko huko Sofu, kwa sababu kifua kilikuwa kinambana na presha haishuki. Siku ile ya Jumatano alifika asubuhi, akaandikwa kwamba yupo na anasubiri, akaambiwa aweke kidole kwenye mashine ili faili lifunguke. Mashine haikukisoma. Wakajaribu vidole vyote kumi. Bibi Herieth alikuwa amebangua korosho tangu akiwa msichana, na mafuta ya maganda ya korosho yalikwishakula michirizi ya vidole vyake vyote, vikawa laini kama kijiko. Akaambiwa asubiri. Adhuhuri alilegea pale pale kwenye benchi, akafa na kadi mkononi, bima yake ikiwa imelipiwa hadi mwakani.

Sasa alikuwa amerudi, na adhuhuri ilikuwa bado. Elinipa alihesabu hilo kichwani mara moja, akaenda dirishani kwa Fadhila, mpokeaji wagonjwa.

"Mjaribu tena."

"Huyu ni wa Jumatano," alisema Fadhila. "Vidole vyake navijua." Lakini aliisogeza mashine. "Weka kidole, bibi. Kifute kwanza kwenye kanga. Bonyeza. Usibonyeze sana."

Mashine ikalia ule mlio wake wa kukataa.

"Bila kidole faili halifunguki," alisema Fadhila, "na faili lisipofunguka kwa daktari haonekani. Siyo mimi, dada. Ni mfumo."

Elinipa akaenda kwa daktari, akamwomba atoke tu mlangoni amwangalie mgonjwa. Daktari alitoka, akatazama benchi, akakaa hapo kidogo, akarudi kutazama skrini yake. "Kwangu hayupo," alisema, na kweli alikuwa amemkalia Bibi Herieth kwenye upindo wa kanga alipokuwa akifunga kamba ya kiatu. Aliomba radhi kwa benchi.

Evaline alifika akiwa bado amejifunga kitambaa cha msiba, na chupa ya uji. Hakupiga kelele. Alimmiminia mama yake uji, akasubiri anywe, kisha akamshika mkono waende hospitali nyingine. Walivuka ua vizuri. Walipofika kwenye geti jipya Evaline alijikuta ameshika leso, na Bibi Herieth alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya feni. Walijaribu tena kupitia mlango wa jikoni, ikawa vilevile. Kwenye mfumo aliandikwa amefika, anasubiri, na mtu wa namna hiyo hana pengine pa kuwa.

"Niacheni jamani," alisema Bibi Herieth. "Miguu inauma. Wataniita tu."

Ilibaki njia moja. Katibu angeweza kumruhusu mgonjwa bila kidole. Kwenye skrini kuna kitufe cha ruhusa, na kitufe hicho kinafunguka kwa kidole cha katibu mwenyewe. Elinipa alimkuta Bwana Laurean ofisini akiandika taarifa kuhusu gego la Mzee Abdulkadiri.

"Bosi, weka kidole chako tu. Sekunde moja."

"Nikimruhusu huyu, kesho Kisarawe nzima ipo hapa bila vidole. Watu wa bima watayakataa madai yetu. Walishatuonya."

"Bosi, atakufa adhuhuri."

"Alishakufa," alisema Bwana Laurean, na, kusema kweli, hakulisema kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye kalamu iliyoisha wino. "Andika ombi. Nitalipeleka kwenye kikao."

Elinipa alikasirika. Alisimama pale mbele ya meza akikitazama kidole gumba cha Bwana Laurean, kinene, kizima, chenye michirizi yote, kikiitikisa ile kalamu. Kisha akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi upande wa pili wa Bibi Herieth. Bibi alimuuliza kwao ni wapi, akamwambia Same. Akamuuliza kama Same wanalima korosho. Akamwambia hapana.

"Basi mna vidole," alisema Bibi Herieth, na akacheka kidogo.

Adhuhuri alilegea, kichwa kikamwangukia Evaline begani.

Kule Maneromango turubai la msiba lilikuwa bado halijashushwa, kwa hiyo hakuna aliyesumbuka kulifunga upya. Kaburi walilikuta wazi. Mchungaji alisoma maneno yaleyale, kwa haraka kidogo, kwani gari lililomleta lilikuwa na safari ya Msimbu.

Kikao kilifanyika wiki hiyohiyo. Ombi la Elinipa lilikuwa la mwisho kwenye ajenda, na muda ukaisha. Lakini kuhusu seva kikao kilikuwa kikali: haiwezekani kituo kirudishwe nyuma siku zote hizo, mjamzito ajifungue mara mbili. Diski ikanunuliwa. Video ya geti ikahamishiwa kwenye diski yake maalumu. Elinipa akapanga kila kitu upya, kumbukumbu zikawa zinahamishwa kila dakika chache, na akaweza kuirudisha seva hadi dakika yoyote atakayo. Aliwaeleza kwamba mpango wa namna hii usipojaribiwa si mpango, kwa hiyo kila mwezi angerudisha seva ya majaribio hadi saa fulani ili kuona kama kazi inafanyika. Saa hiyo achague yeye fundi. Wakakubali, hakuna aliyeuliza.

Kila mwezi Elinipa anaandika Jumatano ileile, saa nne asubuhi. Gego halirudi tena, na mtoto wa Nuria ananyonya kwao kwa amani, kwani ni seva ya majaribio tu. Bibi Herieth anakuja. Yeye hakuambiwa tofauti ya seva. Evaline naye siku hizo huja mapema na chupa ya uji, na Elinipa hugonga mlango wa katibu, na katibu huwa kwenye simu.

Mwezi uliopita Bwana Laurean alitoka mwenyewe. Alisimama mbele ya benchi kwa muda, akamwamkia bibi shikamoo, akaitikiwa. Alionekana kuguswa. Alasiri akamtuma mtu dukani.

Mwezi huu kwenye benchi kulikuwa na mto mpya wa sponji, rangi ya bluu, na ukutani juu yake karatasi iliyoandikwa kwamba kituo kinaendelea kuboresha huduma. Bibi Herieth aliubonyeza mto kwa kiganja kabla ya kukaa. Akasema ni laini, Mungu awabariki.

Fadhila akaisogeza mashine.

"Weka kidole, bibi."

Bibi Herieth akakifuta kwenye kanga, akakiweka.