Kiti cha Nyuma cha Gari la Gathogo

Becky anadai kwamba kiti cha gari kilimwomba maji. Anasema ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, amebeba birika la chai ya kuuza pale wanapooshea magari Kawangware, upande wa kwenda Riruta. Gari la kijivu lilikuwa limefunguliwa milango yote minne. Kiti cha nyuma kikasema, "Naomba maji." Becky anadai alikimiminia chai kikombe kizima, kiti kikanywa, kikashukuru. Waliokuwepo wanasema hakumimina kitu, alisimama tu mdomo wazi kama mtu anayehesabu chenji. Lakini kwamba kiti kiliongea, hakuna anayebisha.

Becky aliijua ile sauti. Ilikuwa ya Mutinda, fundi wa simu, kijana wa jirani yake huko Kibera, upande wa Olympic. Mutinda alikuwa ametafutwa wiki kumi na moja.

Jioni akamkuta Syombua, mama yake Mutinda, kwenye foleni ya maji.

"Mama Mutinda, leo nimemsikia kijana wako."

"Wapi?"

"Kwa kiti cha gari. Huko kazini."

"Gari rangi gani?"

"Kijivu."

Syombua alitoa mtungi wake kwenye foleni ingawa zamu yake ilikuwa imefika. Waliomwona Mutinda akiingizwa garini walisema lilikuwa la kijivu.

Kesho yake asubuhi walitembea pamoja mpaka Kawangware. Kilonzo, fundi wa kusafisha magari ndani, alikuwa akisukuma pamba masikioni. Alitoa pamba moja ili amsalimie Syombua kwa Kikamba, kisha akamfungulia mlango wa nyuma. Syombua aliketi, mkoba mapajani.

"Boss, mmekosea mtu," kiti kikasema. "Mimi hutengeneza simu tu."

"Mutinda," akaita. "Mutinda, ni mimi."

"Hakusikii, mama," Kilonzo akasema. "Kiti hakijibu. Kinarudia tu kile kilichoingia. Nilishawahi kupata teksi imejaa mtoto analia. Pia ingine ya harusi, maharusi wanatukanana."

Mwenye gari alifika saa tatu. Alikuwa Gathogo, mzee wa hapo hapo, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha. Gari hilo hakuliendesha mwenyewe, alilikodisha. Siku hizi waliolikodi walikuwa wakilirudisha mapema, wakilalamika kwamba linaongea wakila ndani yake.

"Sasa, Kilonzo. Nifanyiwe usafi gani?" akauliza.

"Nje si shida, mzee. Kung'arisha rangi ni ya macho tu. Shampoo na brashi naweza, lakini sponji itakunywa maji, sauti izame, na mwezi ujao itoke ikinuka. Hii ni kazi ya mvuke. Mvuke unatoa."

"Unatoa kabisa?"

"Kila neno linatoka mara moja. Halirudi."

"Basi hiyo ya mvuke. Kesho kuna mtu analitaka."

Syombua alisimama mbele yake. "Baba, usilioshe kwanza. Huyo ni mtoto wangu. Nipe mpaka saa nane nilete askari wamsikie."

Gathogo alimpa pole. Akasema saa nane ni sawa, yeye si mtu mbaya.

Kituoni askari alimsikiliza vizuri, hata akampa kiti. Alitaka kujua kama huyo shahidi ana kitambulisho. Syombua akasema ni kiti cha gari. Askari akafunga kitabu. Alieleza, bila ukali, kwamba kiti hakiwezi kuandika taarifa kwa sababu hakiwezi kutia sahihi, na kwamba mama arudi Jumatatu, mkubwa akiwepo. Jumatatu zingine pia alikuwa ameambiwa arudi Jumatatu.

Saa nane alirudi peke yake. Kilonzo alikuwa amewasha mashine.

"Nitaenda polepole, mama," alisema. "Naanza hapa mlangoni, nafuata mshono. Yatatoka kwa mpangilio. Pengine watataja walikompeleka. Sikiza hapo."

Becky aliacha birika akaja kumshika mkono. Mvuke uliingia kwenye kitambaa na maneno yakaanza kutoka, moja moja, yakipanda na ule ukungu mpaka juu ya paa la mabati. Inamisha kichwa. Boss, mmekosea mtu. Naomba maji. Nyamaza. Wanaume wawili wakabishana kuhusu penalti. Mmoja akasema mbuzi wa Jumapili alikuwa mgumu, mwingine akasema alichinjwa akiwa mzee, wakacheka. Mutinda akasema simu ya mteja iko mezani, imefunguliwa, mtu ampelekee. Muda mrefu kikasikika kioo kikitetemeka tu.

"Wataje," Becky alinong'ona. "Si wataje hata stendi."

Kilonzo alifika kona ya mwisho. Alishikilia pua ya mashine hapo hapo, muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa, mpaka kitambaa kikaanza kubadilika rangi.

"Tumefika wapi?" Mutinda akauliza.

"Toa viatu," mwanamume akasema. Mlango ukafunguliwa. Mlango ukafungwa.

Kisha ikawa mashine peke yake. Kilonzo akaizima. Alipanguza kiti kwa kitambaa kikavu, akakigonga kwa ngumi mara mbili kukijaribu. Kilinyamaza kama kiti kingine chochote.

Gathogo aliingiza kichwa, akanusa, akaridhika.

"Kazi safi," akasema.

"Baba," Syombua akamwambia, "kiosheni hata kesho tena, sikatai. Lakini ile wiki, gari ulimpa nani? Nipe jina tu."

Gathogo alipapasa kiti kwa kiganja, kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kisha akamgeukia Kilonzo, akauliza kama sasa vioo vinaweza kupandishwa.