Mwonjaji wa Matisi

Kwa miaka ishirini na sita biskuti za Idi za ukoo mzima zilitoka jikoni kwa Bi Khadijo, kule Kamukuywa, na hakuna aliyethubutu kuoka za kwake. Mwaka huu bega la Bi Khadijo likagoma. Akatangaza kwa simu kwamba wake wa wanawe wawili walete kila mmoja kopo moja, siku ya ishirini na nane ya Ramadhani, azionje akishafuturu. Atakayempendeza ndiye atakayerithi kazi.

Fardosa, mke wa Abdinasir, aliitaka kazi hiyo kuliko alivyotaka friji, na friji alikuwa ameililia mwaka mzima. Miaka minane ya ndoa, kila Idi akienda kwa mama mkwe alipewa vitunguu avimenye nje pamoja na wageni. Sumeya, mke wa shemeji yake, naye alimenya vitunguu, lakini yeye alimenyea ndani. Jambo hilo lilimuuma Fardosa kweli.

Basi siku ikafika, naye nyumbani kwake Matisi akakanda unga kwa siagi na iliki. Sukari ya kusaga ilipoisha katikati, akafungua kopo la pili. Akasukuma, akaanza kukata. Mwezi si kazi: unakata duara kwa glasi, unaisogeza glasi kidogo, unakata tena. Nyota ndiyo iliyomtoa jasho, kwa sababu fundi aliyemtengenezea kikatio cha bati alizoea sufuria, na nyota yake ilikuwa na pembe nne na nyingine iliyokata tamaa. Akazipanga kwenye sufuria ya mchanga, makaa chini, makaa juu ya kifuniko.

Zilipoiva, likabaki swali la nani ataonja. Sheikh alishasema ncha ya ulimi inaruhusiwa, mradi usimeze, lakini Fardosa aliujua ulimi wake. Ulikuwa na ncha ndefu. Kusubiri magharibi hakukuwezekana pia, maana saa tisa Abdinasir angeondoka na pikapu yake ya mitumba kwenda Kamukuywa. Akamwita jirani yake Chepngeno, Mkristo wa kutoka miteremko ya Mlima Elgon, mwanamke mpole asiyefunga. Kwao Chepngeno alifunzwa kwamba chakula cha mwenyeji husifiwa, kiwe kimefanya nini. Hilo Fardosa hakulijua.

"Mama Kiptum, niambie ukweli. Hii ni maisha yangu, bana."

Chepngeno akauma mwezi. Akatafuna kwa muda. Macho yakamlowa, na Fardosa akadhani ni iliki.

"Ni tamu sana, Mama Sufian."

"Haijapungua kitu?"

"Kupungua? Hapana. Kupungua haijapungua."

Ili kuhakikisha, Fardosa akampa nyota, kisha mwezi mwingine, kisha nyota nyingine. Chepngeno akamaliza zote nne, akashukuru, akatoka kwa mwendo ambao hakuwahi kuonekana nao. Saa tisa kopo likaondoka.

Magharibi, baada ya tende na maji, Fardosa akatia mdomoni nyota iliyovunjika. Akaitoa. Akaenda kwenye rafu, akachovya kidole kwenye kopo la pili. Abdinasir, katika juhudi zake za kusaidia nyumbani, alikuwa amemimina humo chumvi yote aliyonunua.

Akamkuta Chepngeno mezani kwake na jagi la maji. Halikuwa la kwanza.

"Mbona hukuniambia?"

"Na venye ulikuwa unaniangalia?"

"Si ungeomba hata maji!"

"Nitakunywaje maji mbele yako na umefunga?"

Fardosa alitaka kukasirika, akashindwa. Akaketi pale mlangoni akalia, kwanza vitunguu vya miaka minane, halafu vile vya miaka ijayo. Simu ikaita. Alikuwa Bi Khadijo, naye hakusalimia.

"Nani alionja?"

"Jirani, Mama."

"Alikula ngapi?"

"Nne."

"Huyo umheshimu. Lakini asionje tena. Moja nimempa ng'ombe wa Naliaka, huyu jirani yangu, amenifuata mpaka mlangoni."

"Na za Sumeya?"

"Za Sumeya ziko na jina ya kampuni mgongoni." Bi Khadijo akashusha pumzi. "Kesho ukuje uoke hapa. Hii miaka yote mimi naonjesha Naliaka. Naliaka hana adabu hata kidogo."

Kesho yake, Kamukuywa, Naliaka alisimama mlangoni pa jikoni mikono kiunoni. Biskuti ya kwanza akaitema uani. "Hii imeungua chini."

Ya pili akaitema karibu na miguu ya Fardosa. "Iriki imezidi. Reta ingine."

Fardosa akakanda tena, akakata tena. Naliaka akaitia mdomoni ya tatu, akatafuna huku akiangalia dari. Akameza. Kisha akanyoosha mkono apewe nyingine.

Bi Khadijo aliinuka kwenye kigoda chake mbele ya jiko, akakisogeza kwa mguu mpaka kwa Fardosa.

Fardosa akaketi. Kigoda kilikuwa bado na joto.