Aliyejibu "Sita"

Tulikuwa sita tuliokwenda kula Pasaka kwa kina Hezron, na jina langu ndilo lililoandikwa kwa matroni kama kiongozi wa safari. Matroni hakutaka kuturuhusu. Asubuhi ya Ijumaa Kuu alisema mbele ya bweni zima kwamba wikiendi ndefu kama hizi zinamkosesha usingizi, maana watoto wa watu wanaondoka na akili zao na wanarudi wamebebwa. Nikamfuata ofisini.

"Mama, mimi niko mwaka wa pili," nilimwambia. "Nasomea uuguzi. Nitashindwaje kuwaangalia watu wazima watano?"

"Tukuswiga, unawajua hao watu wazima watano?"

"Nawajua, mama."

Akagonga muhuri kwenye karatasi ya ruhusa.

Chuo chetu kiko nje kidogo ya mji wa Tunduma, mahali ambapo malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yanapanga foleni mpaka nyuma ya ukuta wa bweni. Kwao Hezron ni Ileje, juu ya milima ya Mbebe. Hezron alikuwa kijana mrefu, mpole, asiyependa makelele. Aliyependa makelele ni Deus, mtoto wa Tunduma mjini, ambaye bila yeye hakuna sherehe. Kefa na Priska walikuwa wapenzi, na safari nzima waliangaliana wao tu. Wa sita ni Goodness, niliyelala naye chumba kimoja. Goodness alitoka Msangano, baba yake mzee wa kanisa, na katika miaka yake ishirini hakuwahi kuonja pombe. Hakuwa akijisifia jambo hilo. Hakuipenda tu.

Jumamosi na Jumapili zilipita vizuri. Tulikwenda kanisani, tukala nguruwe, tukacheza muziki uani mpaka majirani nao wakaja kucheza. Jumatatu asubuhi, tukiwa tunachoma nyama ya mwisho kabla ya kuondoka, Deus akatoa kwenye begi vile vichupa vidogo vya plastiki vyenye pombe kali, vinavyopitishwa kwa siri kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikunywa kimoja, akampa Kefa kimoja. Kisha nikamwona anafungua kingine na kukimimina kwenye chupa ya soda ya Goodness, aliyekuwa ameingia ndani kuchukua chumvi. Akaniona ninamwona. Akaweka kidole mdomoni.

Nilicheka. Nikageuza nyama.

"Mbona soda hii inawasha?" Goodness aliuliza aliporudi.

"Ni ya tangawizi hiyo," Deus akamjibu. Na chupa ilipokwisha, akampelekea nyingine.

Saa nane mchana tulikuwa tumebeba mabegi. Goodness alikuwa anacheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, anamkumbatia kila mtu, mpaka na mbuzi. Nilijiambia kwamba mwendo utamlevua. Mama yake Hezron alisimama mlangoni akiangalia bondeni. Ukungu wa kule hauteremki kutoka juu. Unapanda kutoka bondeni, polepole, na ulikuwa tayari umemeza shamba la maharage la chini.

"Wanangu, laleni," alisema. "Ukungu huu si wa kutembea. Kesho asubuhi mtaondoka."

"Mama, kesho saa mbili tuna mtihani," Hezron alimwambia. "Na gari, ile Noah, inatusubiri barabarani saa kumi."

"Basi shikaneni."

Tuliitikia wote, na hatukushikana. Hezron alitangulia kwa sababu njia aliijua. Mimi nikafuata, kisha Deus, Kefa, Priska, na Goodness akawa wa mwisho, kwa sababu alikuwa akisimama kila mara kufunga kiatu. Priska alimshika mkono mwanzoni. Njia ilipokuwa nyembamba akamwachia.

Baada ya kona mbili hatukuonana tena. Niliona begi la Hezron mbele yangu, basi. Tulipita msitu wa misonobari bila kuiona hata miti yake. Tulisikia tu maji yakidondoka kutoka kwenye matawi. Hapo nikakumbuka kwamba mimi ni kiongozi, nikapaza sauti, "Jamani, tujihesabu! Kila mtu aseme namba yake."

"Moja," akasema Hezron.

"Mbili," nikasema mimi.

"Tatu." "Nne." "Tano."

Kukawa na kimya kidogo, kisha nyuma kabisa, "Sita."

Ilikuwa sauti ya Goodness. Nimelala naye chumba kimoja mwaka mzima, siwezi kuisahau. Tukaendelea. Baada ya kama robo saa nikaita tena, na tena namba zikaja mpaka ya mwisho. Safari hii nikagundua kwamba "sita" inatamkwa vizuri, bila ulimi kuteleza hata kidogo.

"Kumbe pombe imeshamtoka," Deus alisema nyuma yangu, akicheka chinichini.

Nilifurahi. Sikujiuliza imemtokaje kwa muda mfupi namna ile.

Mara ya tatu, "sita" ilikuja haraka, Priska akiwa hajamaliza kusema "tano". Priska aliniambia baadaye kwamba aliisikia kwenye kisogo chake hasa, na kwamba hakugeuka. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mwili ulikataa.

Tukafika kwenye kijito. Daraja lake ni magogo mawili tu, na yalikuwa yanateleza. Hezron alivuka, nikavuka mimi, nikasimama upande wa pili kuwapokea wengine kwa mkono. Nikashika mkono wa Deus. Nikashika mkono wa Kefa. Nikashika mkono wa Priska, ulikuwa wa baridi. Kisha nikanyoosha mkono kwenye ule weupe na kungoja.

"Goodness, nipe mkono. Taratibu."

Hakuna kitu.

"Goodness!"

"Sita."

Ilitoka ng'ambo ya kijito, kama hatua kumi hivi. Haikuwa imesogea.

"Ndiyo, sita, njoo basi. Tunachelewa."

"Sita."

Sasa ilitoka kushoto. Hezron alinikaribia mpaka nikauona uso wake. "Tuku," alisema kwa sauti ya chini, "kushoto hakuna njia. Kule ni korongo."

"Anatuchezea huyo," Deus akasema. "Ngoja nikamchukue." Akakanyaga gogo kurudi. Hezron alimdaka kwa kola na kumvuta mpaka wote wawili wakaanguka kwenye matope.

"Nimekwambia ni korongo! Ukienda kule hatukuoni tena."

Sijui wazo lile lilitoka wapi. Nilikusanya mikono mdomoni, nikaita, "Goodness! Baba yako anaitwa nani?"

Kimya. Maji yalikuwa yakipita chini ya magogo. Tulisubiri muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kuona aibu kwa swali langu.

"Sita," ikasema ile sauti. Haikubadilika hata kidogo. Ilikuwa ile ile ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Priska akaanza kulia bila kutoa sauti. Nilijaribu simu ya Goodness. Bonde lile halina mtandao. Kefa akasema twende mpaka barabarani tukaombe msaada. Nikasema hapana. Nilikuwa naogopa kuliko wote, nadhani, lakini nilikuwa nimeshajua kwamba mtu tuliyekuwa tukimhesabu si yule tuliyetoka naye, na kwamba yule tuliyetoka naye yuko peke yake mahali fulani huko nyuma, na amekunywa asichokijua.

Nilifungua khanga yangu nikaifunga na ya Priska, tukaishika wote watano.

"Tunarudi kwa njia hii hii tuliyojia," nilisema. "Hakuna kuita. Hakuna kuhesabu. Hakuna kumfuata anayeita."

Tulipanda. Kila tuliposimama kupumua tuliisikia ile sauti, mara chini yetu, mara ubavuni. Tulipita misonobari. Bado hakuna mtu. Nilikuwa nimeanza kuomba kimoyomoyo Hezron alipojikwaa kwenye kiatu. Kiatu cheupe cha Goodness, kamba zake zikiwa zimefunguliwa.

Alikuwa amelala chali pembeni ya njia, kwenye kona ya pili kutoka nyumbani. Tulikuwa tumempita, au tuseme tumemwacha, kabla hata sijahesabu mara ya kwanza. Amejitapikia. Midomo yake ilikuwa ya kijivu na koo lilikuwa likikoroma kama la mtu anayezama. Nilipiga magoti. Nilimgeuza ubavu, nikamsafisha mdomo kwa vidole, nikamwinamisha kichwa ili kilichobaki kitoke. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha akakohoa, akavuta pumzi ndefu.

"Hezron, kimbia nyumbani," nilisema. "Njooni na blanketi na machela."

Tulimfunika masweta yetu yote. Priska alimshika miguu, Deus akamshika mkono akiusugua tena na tena. Baada ya dakika kama kumi Goodness akafungua macho.

"Niliwaita," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, maneno yanagongana. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake halisi siku ile. "Nilikaa chini nitapike. Nikawaita, mkaendelea."

"Tusamehe, dada. Usiongee sana."

"Nilikusikia unahesabu, Tuku." Alinikazia macho. "Nilisikia mpaka tano. Nilikuwa nataka kujibu. Sijafungua hata mdomo, mtu akajibu."

Hakuna aliyemuuliza mtu gani.

Baba yake Hezron na majirani wawili walimbeba mpaka zahanati. Tulifika ukungu ukianza kupasuka, jua la jioni limegonga bati za kijiji kana kwamba hakuna lililotokea. Muuguzi, mama mnene mwenye miwani, alimtundikia dripu kwanza, kisha akatugeukia.

"Amekunywa nini, na kiasi gani? Nataka ukweli, siyo hadithi."

Deus aliangalia sakafu.

"Soda," akasema.

"Deus," nikamwita.

Akafuta uso kwa mkono wenye matope. "Nilimchanganyia. Vichupa viwili. Hapana, vitatu. Hakujua."

"Na mimi nilimwona akichanganya," nilisema. "Nilinyamaza."

Muuguzi hakutugombeza. Aliandika. "Mngechelewa nusu saa nyingine," alisema akiwa bado anaandika, "mngekuwa mmekuja kuniomba jeneza." Kisha akatufukuza tukae nje.

Mtihani tuliukosa. Chuo kilitusimamisha wiki mbili, Deus muhula mzima. Matroni hakunisema. Alichukua ile karatasi ya ruhusa, akaichana mbele yangu vipande viwili, akanipa kimoja. Afadhali angenisema.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote watano Msangano, kwa wazazi wa Goodness. Wazo lilikuwa la Deus mwenyewe, na njiani alitapika kwa woga. Mzee Yesaya, baba yake Goodness, alitupokea kwenye ukumbi wa nyumba yake, mbele ya magunia ya mpunga. Goodness alikaa nyuma ya mama yake, amejitanda kitenge, hatuangalii. Deus alieleza yote amepiga magoti. Ilipofika zamu yangu na mimi nilipiga magoti.

Mzee alitusikiliza mpaka mwisho. "Nimemlea binti huyu miaka ishirini," alisema, "ninyi mkamsahau kwenye kona ya pili." Kisha akauliza, "Na huyo aliyekuwa akiwajibu?"

"Hatujui, baba," Hezron alisema. "Kwetu hata wazee niliowauliza hawakusema. Mama alifunga dirisha tu."

Mzee Yesaya aliinuka, akamwambia mkewe alete chakula. Tulikula ugali na samaki tukiwa tumeinamisha vichwa. Msamaha hakuutamka siku hiyo, na hatukuuomba mara ya pili.

Goodness alirudi chuoni Mei. Aliomba chumba kingine na akapewa. Tukikutana kwenye wodi za mafunzo ananisalimia, na juzi aliniazima kalamu. Sidai zaidi ya hapo.

Mwezi uliopita, kwenye wikiendi ya sikukuu, vijana wa mwaka wa kwanza walitaka kwenda Mbozi kwenye sherehe ya mwenzao, na matroni akasema hawaendi bila mimi. Niliwaambia masharti yangu kwenye gari. Kila mtu afungue chupa yake mwenyewe na asiiache. Asiyetaka kunywa asibembelezwe. Hakuna kuondoka bila mtu wa kushikana naye mkono, mkono hasa, siyo kuitana. Msichana mmoja alicheka akaniuliza kama mimi ni bibi yao. Nikamwambia ndiyo.

Tuliondoka kwenye sherehe bado jua liko juu, tukikatiza mashamba ya kahawa kwenda barabarani. Walishikana wawili wawili, wakiimba. Mimi nilitembea wa mwisho. Mbingu ilikuwa safi, naona mpaka milima ya mbali, na nyuma yangu hakukuwa na mtu. Hata hivyo mgongo ulikuwa wa baridi njia nzima, na mmoja wao alipogeuka na kuita, "Dada Tuku, uko?" sikumjibu kwa mdomo. Nilikimbia mbele nikamshika mkono.