Ratiba Isiyogongana

Chini ya ngazi za kitivo, katika ofisi yake iliyokuwa stoo ya mafagio, mhadhiri msaidizi alipiga magoti kubandika ukutani kadi ya mwisho. Masomo mia tatu na kumi, kumbi tisa, wiki mbili. Hakuna mwanafunzi mwenye mitihani miwili kwa wakati mmoja, hakuna msimamizi anayetakiwa kumbi mbili. Wenzake walimwita Mama Ratiba. Utafiti wake ulithibitisha kwamba kupanga ratiba ya namna hii ni kazi ngumu sawa na mafumbo ambayo hata kompyuta hazijayapatia njia ya mkato. Basi wakampa aipange yeye, kwa mkono, miaka kumi na miwili, na makala zake zikaozea kwenye droo.

Mkuu wa Kitivo alichungulia, kikombe cha chai mkononi.

"Mama Ratiba! Usaili wako wa kupanda cheo tumeuleta Jumanne, saa tisa. Mjumbe mmoja anasafiri."

Mama Ratiba aliikodolea macho kadi ya Jumanne, saa tisa. Ukumbi mkubwa, wanafunzi mia sita, msimamizi ni yeye. Alijiweka pale kwa kuwa hakupatikana mwingine.

"Mkuu, saa hiyo nasimamia mtihani. Naomba mtu anishikie, hata nusu saa tu."

"Nani? Ratiba umeipanga mwenyewe, haina hata tundu la sindano."

"Basi usaili urudi Alhamisi. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nisipopanda cheo, ndiyo basi tena."

"Na ukitoka ukumbini ni kosa la kufukuzwa kazi, unajua." Akapuliza chai, akacheka. "Mganga hajigangi, dada yangu."

Hakuwa amesahau, Mkuu huyu. Mtu anayekumbuka siku ya kuzaliwa ya mke wa waziri hasahau ratiba iliyo mezani kwake.

Jumanne, saa tisa na robo, karani wa kamati alinyata katikati ya madawati, akamnyooshea fomu.

"Samahani, dada. Saini hapa, kwamba hukufika kwenye usaili."

"Lakini mnajua niko hapa."

"Ndiyo maana nimekuletea huku."

Alisaini. Karani akaikunja fomu, asiondoke.

"Mkuu anasema ratiba ya muhula ujao aikute mezani Ijumaa, kabla hujarudisha ufunguo wa ofisi."

Mwanafunzi wa mstari wa mbele alinyoosha mkono kuomba karatasi ya ziada. Mama Ratiba alimpelekea. Kisha akachukua moja yake, akaketi, akaanza kuchora mistari ya Jumatatu.