Banda la Kuku Lenye Duka la Dawa

Ndugu wasomaji, naomba utulivu. Nilirudi likizo kutoka bweni nikiwa na godoro, ndoo isiyo na mfuniko na ripoti ya tabia ambayo haihusiani kabisa na habari hii. Nilitegemea kupokewa kama waziri. Badala yake nilimkuta Baba amekaa kwenye kigoda, brashi zake zimekauka, anautazama ukuta kana kwamba ukuta umemtukana.

Baba ni mchoraji wa mabango ya maduka. Ukiona neno "Kinyozi" mtaani kwetu, K yake imejikunja kama mkia wa paka, hiyo ni kazi ya mkono wake. Lakini serikali ilikuwa imeleta kodi mpya: kila bango linalosomeka kutoka barabarani lilipiwe, na likiwa kubwa lilipiwe zaidi. Wenye maduka walipiga hesabu, wakashika vichwa, wakayang'oa. Kuyatupa hawakuwa na moyo. Wakamletea Baba.

"Fundi, tutunzie. Mambo yakitulia tutayafuata."

Mtaa ukawa bubu. Mtu mwenye jino linalouma aliingia kwa fundi cherehani, akapanua kinywa, akapimwa kifua. Wageni waliona milango mitupu, wakageuza. Msusi akawaachisha kazi wasichana wake wawili. Muuza nyama akaanza kujitangaza kwa mdomo, kwa kuwa mdomo haukutajwa kwenye sheria, mpaka sauti ikamkauka. Na Baba hakupata mtu wa kumtuma achore hata nukta.

Sasa Bibi, mama yake Baba, hapendi kuona kitu kimelala bure. Alichukua mabango yale, nyundo na misumari, akajenga banda la kuku mbele ya nyumba. Ukuta wa kushoto: DUKA LA DAWA. Wa kulia: BUCHA. Mlango: SALUNI YA KISASA. Maandishi yote nje.

"Mama, yageuze yatazame ndani," Baba alimwambia.

"Mwandiko wa mwanangu niwape kuku waunyee? Thubutu!"

Mjadala ukafungwa.

Ndipo akaja Bwana Futi. Jina lake halisi hatulijui. Alikuwa kijana wa ofisi ya kodi, shati limechomekwa mpaka linaomba msaada, na mkononi ana futi ya chuma inayojirudisha yenyewe kwa kishindo. Alisimama barabarani, akalisoma banda letu kuanzia paa mpaka chini, kisha akalipima.

"Mzee, una biashara nyingi wewe."

"Hilo ni banda la kuku, bwana mdogo."

"Sheria haisemi banda. Inasema bango linalosomeka kutoka barabarani. Mimi nimelisoma."

"Hongera sana," nikasema. "Darasani kwetu wengine bado wanahangaika."

Baba akanitazama. Mimi nikatazama mawingu.

Karatasi aliyotuachia ilisema Baba alipie mabango yote kabla ya Ijumaa, la sivyo ngazi, brashi na rangi zake zitachukuliwa. Mama aliisoma, akakaa chini polepole kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Baba bila ngazi ni mtu mrefu tu. Alikwenda ofisini kwao kujieleza, wakamjibu kwamba mkuu atakuja kukagua mwenyewe. Siku zile nilikosa hata mzaha mmoja wa kusema mezani, na Mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Alhamisi mkuu akaja. Tulimtegemea mwanamume mwenye tumbo. Akatokea mama wa makamo, viatu vimejaa vumbi, Bwana Futi anamfuata nyuma.

"Shikamoo, mama," akamwamkia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umechoka hivyo na bado asubuhi?"

"Nimezunguka, mama! Natafuta duka la vyombo, naingia kwa kinyozi. Namtafuta kinyozi, naingia chumbani kwa watu, mzee wa watu anavaa suruali."

"Alimaliza kuvaa?"

"Sikungoja."

Kisha akaligeukia banda. Baba akamweleza yote, mikono nyuma, kama mimi ninavyosimama mbele ya mwalimu wa zamu.

"Lakini mkuu, yanasomeka!" Bwana Futi akadakia.

"Nimeona. Ila kodi hii ni ya anayeita wateja. Tuone anawauzia nini."

Bibi akafungua Saluni ya Kisasa kwa heshima zote. "Karibu ndani. Mhudumu mmoja anaatamia, usimguse."

Mkuu akainama, akaingiza kichwa, halafu bega. Mama alikuwa ameshika pindo la nguo yake kwa mikono miwili. Mara zikasikika kelele za mbawa, na mkuu akatoka na unyoya kwenye nywele, ananyonya kidole.

"Kijana," akamwambia Bwana Futi, "umemtoza kodi kuku."

"Mkuu, sheria..."

"Kuku, kijana. Tena mkali."

Akaichukua karatasi yetu, akaipiga mistari miwili, akatia sahihi. "Fundi, hudaiwi kitu. Endelea na kazi yako."

Mama akacheka, akalia, akacheka tena. Baba alishusha mabega ambayo sikujua kama yalikuwa yamepanda juu kiasi kile.

"Mkuu, nikuombe jambo," Baba akamwambia. "Mimi sikatai kodi. Barabara hii naipita kila siku, na huyu mtukutu wangu anasoma shule ya serikali. Lakini nikikosa kazi nitalipa kwa kitu gani?"

Mkuu alikubali maji ya Bibi, akanywa yote. "Si wewe tu. Kodi ya mabango tumepata kiganja, ya maduka tumepoteza gunia. Nusu ya mtaa imefunga. Nitawaandikia wakubwa, na kidole hiki nitawaonyesha."

Sijui kama alikionyesha. Ninachojua ni kwamba kabla likizo haijaisha tangazo lilitoka: bango lisilozidi upana wa mlango wa duka halilipiwi. Mabango karibu yote yalizidi, kwa hiyo hayo yakahitaji kukatwa na kuchorwa upya, na wenye maduka wakapanga foleni uani kwetu. Muuza nyama alikuwa wa kwanza, akiagiza kwa kunong'ona. Msusi alikuja na wasichana wake wote wawili.

Banda likabomolewa. Kuku wamehamishiwa chumbani kwangu, na yule mhudumu mkali amechagua kuatamia kwenye godoro langu la bweni. Nalala sakafuni, silalamiki. Nje Baba anachora na kupiga mluzi tangu asubuhi. Anaupiga vibaya mno, ndugu wasomaji, nami naomba asiache.